Mvinyo wa Dodoma kwenye Meza ya Nzega

Nzega hailimi zabibu. Inalima mpunga, mtama, viazi vitamu, karanga na pamba, inafuga ng'ombe, na kwa muda ilichimba dhahabu mpaka mgodi wa Golden Pride ulipofungwa. Mvinyo hata hivyo haukosekani, kwa kuwa mji umekaa njia panda. Barabara itokayo Dodoma hupita Manyoni na Singida, huteremka Sekenke, huvuka mbuga ya Wembere na mji wa Igunga, ndipo ikakutana Nzega na ile ya Tabora. Kutoka hapo huelekea Tinde, ambako magari ya Mwanza na yale ya Rwanda huagana. Chupa iliyojazwa Dodoma husafiri zaidi ya kilomita 400 kufika kwenye rafu za Nzega, imo ndani ya katoni, imebanwa na sabuni na biskuti.

Ikishafika inakuta nini? Meza ya plastiki, ugali na nyama choma, kachumbari, pilipili pembeni, marafiki watano wenye dini tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa chupa ile inanywewa na chakula gani. Anayeuliza hupewa kanuni moja iliyotoka Ulaya, kwamba nyekundu ni ya nyama na nyeupe ni ya samaki. Wengine huikataa hata hiyo, wakisema kuoanisha kinywaji na chakula ni mbwembwe za hoteli za watalii.

Anayeitoa kanuni hiyo na anayeikataa, wote wawili naona wanapunja. Kila jamii iliyokaa au kupita kwenye nchi hii, iliyokuwa njia ya misafara ya zamani, ilikuwa na sheria yake ya kinywaji, na nyingine zilikuwa kali kuliko za Ufaransa. Kinachotofautiana ni nani analindwa na sheria hiyo: ulimi wa mnywaji, au watu aliokaa nao.

Tuanze na wenyeji, Wanyamwezi. Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 habari za iwanza, nyumba ya baraza iliyokuwamo katika vijiji vya Unyamwezi. Kwa kawaida zilikuwa mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, na ile ya wanawake mgeni hakuruhusiwa kuikanyaga. Katika ya wanaume watu walishinda wakizungumza, wakivuta tumbaku, wakila na kunywa pombe. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi, na ukimsoma inakubidi uchambue unachokichukua. Lakini hapa alieleza, bila kukusudia kuwasifu, taasisi kamili ya ulaji wa pamoja yenye mahali pake, watu wake na mipaka yake.

Pombe yenyewe ilikuwa kazi ya wanawake. Mtama huloweshwa, huachwa uchipue, huanikwa, husagwa kuwa kimea, hupikwa, kisha huachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Ikiiva haingoji. Leo ina utamu, kesho ni kali, keshokutwa imeshaharibika. Kinywaji cha namna hiyo humlazimisha mwenye nacho kuita watu. Ndiyo maana katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma pombe ilifungamana na kazi za ushirika: mwenye shamba aliandaa mitungi, majirani wakaja kulima au kupura, jioni wakanywa. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mizimu, ikamwagwa chini. Na katika mila nyingi za bara mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, wajue kwamba kibuyu hakina sumu.

Hapo hakuna anayeuliza pombe hii yaenda na mboga gani, kwa sababu swali lilishajibiwa na shamba. Mtama ndio ugali, mtama ndio pombe. Lakini oanisho lipo, na ni zuri. Anayekula mlenda uliotiwa karanga anajua jinsi unavyofunika ulimi wote kwa mafuta na uteute. Funda moja la pombe ya mtama, kwa ule uchachu wake, huusafisha ulimi ukawa tayari kwa tonge jingine. Mfaransa angeandika kurasa tatu juu ya jambo hilo. Bibi wa Ndala au Bukene, huku huku Nzega, hakuona sababu ya kuliandika.

Pembeni mwa iwanza, katika Kazeh hiyo hiyo, palikuwa na meza nyingine. Mwenyeji wa Burton aliitwa Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Al-Harthi, ambaye kwa maelezo ya mgeni wake alianza maisha kama mtengeneza vyakula vitamu Muscat kabla ya kutajirika kwa pembe za ndovu na watumwa. Meza yake ililipiwa na biashara hiyo, na si haki kuisifia bila kulitaja hilo. Hata hivyo ni meza iliyoacha alama. Wafanyabiashara hawa walipanda vitunguu na ngano katikati ya nchi ya mtama, wakaagiza vya pwani, na wakaleta desturi ya Oman ya kupokea mgeni: kahawa chungu yenye hiliki, na kitamu mbele yake, tende au halua.

Hakuna tone la pombe hapo, lakini nani atasema hakuna oanisho? Kitamu hutangulia, uchungu hufuata, kila kimoja kikimfanya mwenziwe aonekane. Na watu nao wana sheria yao: kikombe ni kidogo, hujazwa kidogo, hujazwa tena na tena, na aliyetosheka hukitikisa ndipo mwenye birika akapita. Kinachoshangaza ni kwamba sheria ya ulimi na sheria ya watu zimekaa pamoja kwenye sinia moja, wala hakuna inayomsumbua mwenzake. Kahawa na kashata zinazouzwa barazani mpaka leo, pwani na bara, ni watoto wa sinia hilo.

Mvinyo wa zabibu ulikuja kwa mlango wa tatu, mlango wa kanisa. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walianzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, na msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu ulipita Bagamoyo na Tabora mwaka 1878. Kwa Mkatoliki, misa haiadhimishwi bila divai, na sheria ya Kanisa inataka iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Kwa hiyo kinywaji cha zabibu walichokileta sehemu hizi kilikuwa cha altare, kiasi kidogo sana, chenye kazi moja tu. Kilikuwa na chakula chake pia, mkate, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kubadilisha. Misheni ya Ndala, iliyo katika wilaya ya Nzega ya leo, imeishi na divai hiyo kwa zaidi ya karne moja bila majirani zake kuihesabu kuwa kinywaji cha mezani.

Zabibu zenyewe zilipata udongo Ugogo, nchi ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa ukame wake na kwa hongo waliyotoza watemi wa Kigogo. Wamisionari wa Kiitaliano walizipanda Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Baadaye serikali ilichukua mkondo huo: kituo cha utafiti Makutupora, kampuni ya umma ya DOWICO ambayo hatimaye iliporomoka, mashamba ya pamoja kama Chinangali. Katika miaka ya 2000 ikaja CETAWICO kule Hombolo, yenye mtaji na aina za zabibu kutoka Italia. Leo ukisimama mbele ya rafu ya Nzega utakuta mwekundu mkavu, mweupe wa Chenin Blanc, na kinachouzika kuliko vyote, Dompo, tamu na kali, ambayo watu huinywa kama bia na kesho yake wakaitukana.

Dodoma ina jambo ambalo Ulaya haina: mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, tena Agosti hadi Septemba. Mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya mvua huandamwa na ubwiri, ule wa unga na ule wa vinyoya, na zabibu hunywa maji. Yale ya kiangazi hupata jua la mchana na ubaridi wa usiku wa Juni na Julai, zabibu zikakaza sukari bila kupoteza uchachu wote. Lebo nyingi hazisemi chupa imetoka kwenye mavuno gani. Hapa ndipo ningependa kumwona mtengenezaji wa Dodoma akiwa Mfaransa kidogo, aandike mwezi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Asiyeulizwa chochote hutia anachotaka.

Yupo pia mkulima, ambaye bei ya zabibu ikianguka huzikamua mwenyewe na kubaki na mapipa ya mchuzi wa zabibu akingoja kiwanda kimkumbuke. Sheria ya ushuru inautoza kidogo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Ni sheria nzuri, na mnywaji angeweza kuisaidia kwa kusoma nyuma ya chupa kabla ya kulipa.

Nimetaja Ufaransa kwa kejeli, niitendee haki. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na kuoanisha chakula na mvinyo ni sehemu ya kilichotajwa humo. Watu hudhani maoanisho hayo yalibuniwa na wapishi wa Paris. Mengi yametoka vijijini kwa ujirani tu. Muscadet hunywewa na chaza kwa kuwa mashamba yake yako karibu na bahari ya Atlantiki. Sancerre huenda na jibini ya mbuzi ya Chavignol kwa kuwa Chavignol ni kijiji cha papo hapo. Ni jambo lile lile la mtama kuwa ugali na pombe. Kilichobadilika ni chombo. Mvinyo ukitiwa kwenye chupa na kuzibwa unaweza kungoja miaka, ukasafiri, ukawekwa sambamba na wa jirani na kulinganishwa. Kinywaji kinachongoja humpa mtu nafasi ya kukaa peke yake na kufikiri juu ya ulimi wake. Kinywaji kisichongoja humtuma kwenda kuita majirani. Sidhani kama Mfaransa na Mnyamwezi walitofautiana tabia, walitofautiana vyombo.

Anayenishawishi zaidi ni Mjojia. Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, ina ushahidi wa mvinyo wa zabibu wa miaka ipatayo 8,000, na namna yake ya kuutengeneza ndani ya qvevri, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini, iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2013. Mtungi ukifunguliwa mvinyo hauvumilii hewa kwa muda mrefu, kwa hiyo watu huitwa. Karamu yao, supra, ina msimamizi anayeitwa tamada. Yeye ndiye anayesema tunakunywa kwa ajili ya nani: Mungu, amani, nchi, wazazi, waliofariki, watoto. Hakuna anayebugia glasi yake kabla maneno hayajasemwa. Chakula hujaa mezani kwa pamoja, mikate ya jibini, nyama ya kuchoma, mboga zilizopondwa na jozi, sahani juu ya sahani, na mvinyo wa nyumba ni ule ule mmoja mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayebadilisha chupa kwa kuwa sahani imebadilika.

Ukimtoa Mjojia huyo kwake ukamketisha Unyamwezi ya zamani, angeelewa kila kitu isipokuwa lugha. Waliofariki wanakumbukwa kabla ya kunywa. Mzee anaongoza. Mtungi unaamua siku. Na nchi yake, yenye sifa ya mvinyo duniani kote, haijaona haja ya kuweka ulimi mbele ya watu. Kwa hiyo anayedhani mvinyo unakuja na adabu za Kifaransa kama mzigo usiotenganishika na chupa, amesikia nusu ya habari.

Uhabeshi nautaja kwa kupita. Kule tej, mvinyo wa asali unaotiwa majani ya gesho ili uwe na uchungu, una chupa zake za shingo ndefu na nyumba zake, na hunywewa na nyama yenye viungo vikali. Nautaja kwa sababu ya aibu. Tabora ndiyo nchi ya asali. Misitu yake ya miyombo imejaa mizinga, na chuo cha mafunzo ya nyuki kiko huko huko. Wanzuki, pombe yetu ya asali, tunao tangu zamani. Lakini sijawahi kuona kwenye baa ya Nzega chupa ya wanzuki yenye lebo na jina la mtengenezaji, iliyowekwa kwenye friji pamoja na za Dodoma na za Afrika Kusini. Wahabeshi wamefungua migahawa ya tej mpaka Marekani. Sisi wetu bado tunaunywea kilabuni, kwenye kopo la plastiki, tukiutazama mlango.

Turudi kwenye meza ya marafiki watano. Chupa ya kawaida ina mililita 750, yaani glasi tano za wastani. Mtu akiifungua kesho yake imeanza kuchacha, na keshokutwa ni ya kupikia. Kwa maneno mengine, ikishazibuliwa chupa hugeuka kibuyu. Kinyume chake kilikuwa kiroba, kile kipakiti cha pombe kali cha kutosha mfuko wa shati, ambacho serikali ilikipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Kiroba hakikuwa na sahani wala mwenzi. Katika vinywaji vyote nilivyovitaja, hicho peke yake ndicho hakikuwa na sheria yoyote, ya ulimi wala ya watu.

Kuhusu ulimi, haya ndiyo maoni yangu, na mwenye ulimi mwingine abishe. Mbuzi wa kuchoma mwenye chumvi na ndimu anataka mwekundu mkavu wa Dodoma. Ukakasi wake hukata mafuta ya mbavuni. Kuku wa kienyeji, hasa yule wa Singida aliyekomazwa na kukimbia, aliyechemshwa kisha akakaangwa kwa mafuta ya alizeti, anakwenda vizuri na Chenin Blanc iliyopoa. Sato kutoka Mwanza naye anakwenda na hiyo hiyo. Mlenda usiuchanganye na mwekundu hata kidogo: ukakasi na uteute vinagombana, na mdomo unabaki kama umelamba ukuta. Kama hakuna pombe ya mtama, maji yanatosha. Pilipili nyingi huufanya mvinyo wowote wenye kileo kikali uunguze, basi iwekwe pembeni, kila mtu ajichotee. Na Dompo, ambayo wengi huipeleka kwenye nyama, mahali pake ni mwisho wa mlo, kwa glasi ndogo, pamoja na matobolwa na karanga za kukaanga. Utamu wa kiazi kilichochemshwa na kuanikwa unaupokea utamu wa Dompo vizuri, na chumvi ya karanga inavituliza vyote viwili. Hilo ndilo oanisho la Nzega, na hakuna kitabu cha Ufaransa kitakachokupa.

Kuhusu watu, meza yetu ina kazi ambayo meza ya Paris haina. Mmoja kati ya watano ni Mwislamu, mwingine mlokole au Msabato, na wote wawili wamekuja kwa sababu ni marafiki. Sheria ya zamani ya iwanza haiwasaidii hapa, maana iliwagawa watu kwa nyumba, wanaume huku na wanawake kule. Sinia la Oman lina jibu bora: kinywaji kisicho na kileo kikipewa heshima ile ile, chombo chake, kitamu chake na zamu yake, hakuna anayejiona mgeni. Kumwambia rafiki "na wewe chukua soda" huku wengine wamesimamiwa na mhudumu mwenye kizibuo ni kumnyanyasa kwa adabu. Itengenezwe juisi ya ukwaju kwa ajili yake, yenye uchachu wake, iliyopoa, imiminwe kwenye glasi ile ile. Itashinda mvinyo kwenye mbuzi, na wala sisemi hivyo kwa ajili ya kumpendeza mtu.

Kutoka kwa Mjojia ningechukua msimamizi wa meza. Baa zetu zinajua raundi: leo ananunua huyu, kesho yule, na asiyeweza kulipa hujificha wiki nzima. Tamada halipii zaidi ya wengine. Kazi yake ni kupanga mwendo, kuwataja waliofariki, kumkumbuka aliyehama, kumnyamazisha aliyezidisha. Kila kundi la marafiki Nzega lina mtu wa namna hiyo tayari. Amekosa cheo tu.

Kutoka Ufaransa nachukua jambo moja, halijoto, na hata hilo kwa marekebisho. Wanaposema mwekundu unywewe kwa joto la chumba, chumba chao ni cha nyumba ya mawe yenye baridi, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Nzega mwezi Oktoba kinapita nyuzi 30, na mwekundu wa joto hilo hunuka kileo tu. Utie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Mweupe ukae humo tangu asubuhi.

Na wenye baa wa Nzega, kwenu nina ombi: hizo chupa za maonyesho mlizozipanga dirishani, upande wa jua la mchana, msituuzie. Tuleteeni za stoo.